Chai ya Msiba Wangu Mwenyewe

Mlioanza kunisoma leo, sogeeni, nafasi ipo. Na ninyi wa tangu mwanzo, vumilieni kidogo niwapashe wenzenu, kisha tuingie ndani kabla chai haijapoa.

Mimi ni bibi wa sabuni. Miaka thelathini na minane iliyopita mume wangu alitangulia, akaniachia mtoto wa mgongoni na sufuria moja. Nikaanza kupika sabuni nyuma ya nyumba. Muhuri wa kutia alama sikuwa nao, basi kila kipande nilikibonyeza kwa kidole gumba kikiwa bado kibichi. Gumba langu lina kovu la waya wa kukatia sabuni, limepita katikati kama njia ya siafu. Watu wakawa wanaulizia madukani sabuni ya gumba, na mimi mwenyewe nikageuka kuwa Bibi Gumba.

Yule mtoto wa mgongoni sasa ni meneja. Kiwanda kina akina mama ishirini na sita na choo cha kuvuta maji. Miaka mitano iliyopita alinipeleka kwa fundi wa shaba, wakachukua umbo la gumba langu, wakatengeneza muhuri. Akaniambia, mama, umefanya kazi ya kutosha, sasa pumzika. Nikapumzika, ila kwa shingo upande.

Mwaka jana, mwezi wa saba, alikuja mnunuzi mmoja kutoka nje. Nikajitia kumkaribisha kwa Kiingereza changu cha shule ya msingi. Nilitaka kumwambia kuwa natengeneza sabuni, nikamwambia kuwa mimi ni sabuni. Mgeni alicheka, nami nikacheka naye. Mwanangu hakucheka. Nilimwona anatazama sakafu kama mtu anayetafuta shimo la kuingia.

Nikajiapiza kwamba aibu ile nitaifuta mwenyewe.

Ndipo nilipoanza kwenda kwa jirani yangu Bibi Taipureta, karani mstaafu aliyepiga chapa barua za wakurugenzi kwa miaka thelathini na kuondoka na nakala zake zote ndani ya sanduku la bati. Hizo ndizo zilizokuwa vitabu vyetu. Siku tatu kwa wiki, alasiri, kwenye kibaraza chake. Nyumbani niliaga kuwa nakwenda kuchuliwa magoti. Miezi kumi na moja nilichuliwa. Magoti yangu leo yanajua Kiingereza cha biashara, ingawa ngazi bado yanaikataa.

Wiki iliyopita niliwasimulia ilivyofika siku ya kutia saini mkataba na mgeni mkubwa. Mwanangu aliniomba nibaki nyumbani, eti ni mambo ya makaratasi tu, nitachoka bure. Mimi nilikuwa nimekwisha andika hotuba, nyuma ya karatasi ya kufungia sabuni. Mpishi wa chai wa kiwandani, tunamwita Kijiko, akaniazima aproni yake, kilemba, na kitambaa cha mdomoni tunachovaa kuzuia mvuke wa soda kali ya kupikia sabuni. Mpango wetu ulikuwa huu: niingie kama mpishi, nigawe chai, na mwisho watakapouliza kama kuna mwenye la kuongeza, nivue kitambaa, nimwage Kiingereza mbele ya mwanangu mpaka aone fahari.

Utani wa mzee, basi. Niliwaacha nikiwa mlangoni na sinia.

Nikausukuma mlango kwa nyonga, nikaingia.

Ndani walikuwa watu watatu. Mwanangu alikaa kichwani pa meza, ndani ya suti niliyoipiga pasi mwenyewe jana yake. Kulia kwake alikaa mgeni, mama mmoja wa makamo, nywele nyeupe zimekatwa fupi, kucha hazina rangi. Ana maduka ya sabuni katika nchi mbili tatu, lakini mikono yake ilikuwa ya mtu aliyewahi kukoroga sufuria. Nilimpenda hapo hapo. Kushoto alikaa mwanasheria wake, mwanamume mwenye kipara, anabonyeza kompyuta bila kuitazama, kama mtu anayepepeta mchele.

Mwishoni mwa meza, juu ya ubao mdogo, waliweka kipande kimoja cha sabuni iliyokatwa asubuhi ile, kibichi, hakina alama. Pembeni yake muhuri wa shaba, na sabuni nyingine kavu iliyokwisha kupigwa muhuri, ya mfano. Mkataba ukishatiwa saini, mgeni angepiga alama ya kwanza kwa mkono wake. Wazo zuri. Nilijua ni la mwanangu, huyo ana akili.

Hakunitazama nilipoingia. Nimemlea mimi, nimemfundisha kusalimia hadi paka wa jirani, lakini hilo la kutomtazama mleta chai sikumfundisha mimi.

Nikatua sinia karibu na ule ubao, nikaanza kumimina polepole, masikio yamesimama.

Na nikaelewa. Wasomaji wangu, nilielewa. Si kila neno, lakini kama mtu anayevuka mto kwa mawe: hapa unakanyaga, hapa unaruka, ng'ambo unafika. Mgeni alisema ni vizuri wavunje barafu kwanza. Mwanangu akasema yeye ataweka kila kitu mezani. Mwanasheria akasema waanze na matunda yanayoning'inia chini. Mgeni akasema kila mtu apate kipande chake cha keki.

Nilipojifunza misemo hiyo nilimuuliza Bibi Taipureta, hawa watu wana njaa? Barafu, meza, matunda, keki, na hakuna anayekula. Akanijibu kwamba ndiyo biashara yenyewe, unataja chakula mpaka mwenzako asaini.

Nilitaka kucheka chini ya kitambaa. Zaidi ya hapo nilitaka kulia, kwa furaha. Mwanangu alikuwa anazungumza kama maji. Kila neno nililolisotea mwezi mzima, yeye alilitupa kama ganda la ndizi. Nikasema moyoni, angekuwapo baba yake.

Nikaigusa hotuba yangu mfukoni mwa aproni. Ilikuwa na mistari kumi na miwili, lakini wa kwanza ndio nilioupenda. Bibi Taipureta alitaka nianze na maneno marefu ya barua, nina heshima kubwa ya kukiri, sijui nini. Nikakataa. Nilimwambia mstari wa kwanza ni wa mwanangu, hiyo heshima kubwa itakaa wa pili.

Hapo ndipo mgeni alipoweka kalamu chini na kusema kwamba, kabla ya yote, anataka kusikia habari za mwanzilishi. Alisema alisoma barua za mwanangu mara tatu, na hicho ndicho kilichomfanya apande ndege: gumba la yule mama.

Moyo wangu ukaruka kama samaki. Nikajisemea, sasa ataniita. Atasema yuko nyumbani, atatuma gari, na mimi nitavua kitambaa nimwokolee mafuta. Nikashika kabisa fundo la kitambaa kwa nyuma.

Bibi Taipureta alinifundisha jambo moja mapema sana. Kiingereza cha biashara hakina kitu kibaya. Ukishindwa, umepata funzo. Ukifukuza watu, umepanga upya. Hata kufa hakufi mtu. Mtu huondoka kati yetu. Nilimuuliza, anakwenda wapi? Akasema, barua haisemi.

Mwanangu akainamisha kichwa, akasema kwamba mama yake mpenzi aliondoka kati yetu.

Nikadhani nimekosea. Nikasema labda anasema nimeondoka kazini, nimestaafu. Nikasubiri sentensi ya pili.

Sentensi ya pili ilikuja na mahali na mwezi. Mwezi wa saba, mwaka jana. Nyumbani, kitandani, kwa amani, mkono wangu ndani ya mkono wake. Akasema neno langu la mwisho lilikuwa ubora.

Nawaapia, neno hilo sijawahi kulitamka nikiwa mzima, seuze nikikata roho. Mimi siku nitakayokufa kweli, neno langu la mwisho litakuwa nani kaacha mlango wazi.

Naweza kutania sasa ninapoandika. Siku ile sikuweza.

Nilisimama na birika mkononi, nikafanya hesabu ambayo sikutaka kuifanya. Mwezi wa saba, mwaka jana. Ndio mwezi niliomwambia yule mnunuzi kuwa mimi ni sabuni. Mwezi ule ule niliokwenda kubisha kwa Bibi Taipureta na daftari kwapani, ndio mwezi aliouandika mwanangu kwamba nimekufa. Yeye alinizika ili nisimtie aibu tena. Mimi nikaenda shule ili nisimtie aibu tena. Tulikuwa tunapishana njiani, mama na mwana, kila mtu na jembe lake.

Na nimesoma miezi kumi na moja ili niweze kusikia hayo.

Kama ningebaki mjinga, ningekuwa nimesimama pale natabasamu, nasema moyoni, tazama mwanangu anavyoinamisha kichwa kwa adabu.

Mgeni alikuwa na machozi. Akasema hata yeye mama yake alikuwa mpika sabuni. Akaomba, kama hatutajali, tusimame sote dakika moja kumkumbuka mwenzetu.

Viti vikaburuzwa. Mwanangu akasimama, mwanasheria akasimama. Mimi nilikuwa nimesimama tangu mwanzo, mpishi wa chai haketi. Nikatua birika, nikainamisha kichwa, nikajiombolezea.

Mnajua mtu hufikiri nini kwenye msiba wake? Mimi nilifikiria mvua. Mwaka mmoja alipokuwa na miaka sita, mvua ilitukuta tunapeleka sabuni dukani. Ikawa ama nifunike sabuni, ama nimfunike yeye, nailoni ilikuwa moja. Nikamfunika yeye. Sabuni zote zikayeyuka kichwani kwangu, povu likanishuka hadi kwenye viatu, na yeye chini ya nailoni akawa anacheka, anasema mama unafuliwa. Nilicheka naye barabarani, watu wakadhani ni wazimu.

Hilo ndilo nililokuwa nalifikiria. Na kidole changu kikajiendea chenyewe.

Naomba mnielewe hapa. Sabuni mbichi isiyo na alama, kwangu mimi, ni kama mtoto anayelia. Siwezi kupita. Miaka thelathini na mitatu, kabla ya huo muhuri wa shaba, kila kipande kilichokuwa mbele yangu nilikibonyeza, nikiwa nazungumza, nikiwa nagombana na mtu, nikiwa nasinzia. Mkono haukuhitaji ruhusa yangu. Na ule ubao ulikuwa pale pale nilipotua sinia.

Nilishtukia ubaridi. Kutazama, gumba limezama ndani ya sabuni ya mgeni hadi kucha.

Nikalichomoa, nikalifutia kwenye aproni. Hakuna aliyeona, wote vichwa chini, wananililia.

Dakika ikaisha, wakaketi. Mwanangu akafuta macho. Sikujua kama machozi yale ni ya kweli, na hadi leo silijui hilo, na ndilo linaloniamsha alfajiri.

Nikaendelea kugawa chai, maana nifanye nini. Nikampa mgeni, nikampa mwanasheria. Nikafika kwa mwanangu, nikamimina, na mkono ule ule usio na adabu ukanifanyia la pili: nikammiminia kidogo kwenye kisahani ipoe. Tangu mdogo chai ya moto ilikuwa inamwogopesha, akawa anakunywa ya kwenye kisahani kwanza.

Hakuna mpishi duniani anayemmiminia meneja chai kwenye kisahani.

Alikitazama kile kisahani muda mrefu. Kisha akapandisha macho, taratibu, aproni, kitambaa, mpaka akafika kwenye macho yangu. Kalamu ikamtoka vidoleni.

Akaniambia kwa Kiswahili, midomo haichezi, "Mama. Unafanya nini hapa?"

"Nimeleta chai, baba. Kijiko anaumwa."

"Nenda nyumbani. Tafadhali. Nitakueleza jioni."

"Utanieleza nini?"

Akainama kuokota kalamu. Mgeni alikuwa anapuliza chai yake, mwanasheria yuko na kompyuta. Nikaona nimfungulie mlango. Mwana hata akikutemea, unampa kitambaa ajifute. Nikamuuliza, kama bibi asiyejua kitu, "Na mlisimama kwa nini? Nami nikasimama, nikadhani ni wimbo wa taifa."

Hapo angeweza. Hakuna aliyekuwa anatusikiliza. Angeweza kusema, mama, nimefanya jambo baya. Maneno manne tu, ya Kiswahili, ya bure, sikumtaka atumie Kiingereza.

Akasema, "Ni desturi yao kabla ya chai."

Mgeni akauliza kuna tatizo gani. Mwanangu akatabasamu, akamjibu kwa lugha yao kwamba hakuna, ni mzee wa jikoni tu, masikio hayasikii vizuri siku hizi, wanamweka kwa huruma.

Wanamweka kwa huruma.

Kifo cha kwanza alinizika kwa heshima, jamani, na neno zuri la mwisho. Hiki cha pili alinitupa tu.

Nikaliacha birika mezani, nikabana sinia tupu kwapani. Nilikuwa nakwenda. Andikeni hivyo, mnaosema bibi huyu ni mgomvi: nilikuwa nakwenda. Kwa sababu niliwaona dirishani akina mama ishirini na sita wanageuza sabuni kwenye vichanja, wanajifanya hawachungulii. Mkataba ule ulikuwa mashine mpya na kazi ya miaka mitano kwa kila mmoja wao. Nikisema, mgeni anafunga begi lake, na mwanangu anabaki mwongo mbele ya dunia. Nikinyamaza, mimi ni marehemu, ambaye bado anapiga pasi suti. Nikaona basi, mzee mmoja afe, wengine wale. Kulia nitakwenda kulilia kwa Bibi Taipureta, kwa lugha zote mbili.

Nilikuwa nimefika mlangoni mgeni aliposimama. Alikuwa anautaka ule muhuri, aushike tu mkononi kabla ya kusaini. Akaenda mwisho wa meza.

Aligeuka, kipande kibichi kiko kiganjani mwake.

Akauliza mbona hiki kimekwisha pigwa muhuri. Mwanangu akasema labda wafanyakazi wamejaribisha, atawakemea. Mgeni akarudi kwenye ubao. Akachukua ile sabuni ya mfano, akaziweka mbili pamoja karibu na dirisha, akazisogeza machoni. Alikuwa mpika sabuni yule, hakuwa mtu wa kudanganywa na umbo.

Kovu lilikuwa moja, mahali pale pale. Lakini kwenye ile kavu kovu lilikuwa jembamba, na ngozi imekaza. Kwenye hii mbichi kovu limetanuka, na pembeni yake kuna ufa mpya, wa soda iliyoniunguza sikukuu ya juzi, na vimistari kama udongo uliokosa mvua.

Muhuri hauzeeki. Kidole huzeeka.

Mgeni akatembea mpaka mlangoni nilipokuwa. Hakumtazama mtu mwingine. Akautwaa mkono wangu wa kulia, akaugeuza, akalitazama gumba langu. Kulikuwa na sabuni imebaki kwenye ukucha.

Akaniuliza, kwa Kiingereza, polepole kama anayemsemesha mgonjwa: mwenye kidole hiki, yuko hai?

Mwanangu alikwisha fika. Sijui alivukaje ile meza. Akanishika mkono wa pili, kwa chini, pasipoonekana, na vidole vyake vikanibana kama siku niliyompeleka shule mara ya kwanza, alipokataa kuniachia getini. Tangu siku ile hakuwahi kunishika hivyo.

"Anauliza kama umechoka, mama," akaniambia. "Tikisa kichwa tu. Mwambie hapana."

Nikamtazama. Nilimtazama kwa kituo, jicho, pua ya baba yake, kidevu changu. Ananitafsiria. Ananiomba niukane uhai wangu kwa kichwa, nikidhani nakana uchovu.

Na nilikuwa nimechoka, wasomaji wangu. Hilo lilikuwa la kweli. Ningetikisa kichwa ningekuwa nimedanganya mara mbili kwa mtikiso mmoja.

"Mama," akasema tena. Safari hii hakuwa anatafsiri, alikuwa anaomba. "Mama, nakusihi."

Miezi kumi na moja. Daftari mbili. Sanduku zima la barua za wakurugenzi. Nina barafu, nina matunda, nina keki, nina maneno ya kumwondoa mtu kati yetu bila kumuua, na mwanangu ananiomba nisitumie hata moja.

Nikakiteremsha kitambaa cha mdomoni kwa bega. Sikutoa hotuba mfukoni, nilikuwa naijua kwa moyo. Niliisemea sufuria, niliisemea kuku, niliisemea picha ya marehemu mume wangu. Nikaanza na ule mstari wa kwanza, kwa Kiingereza cha Bibi Taipureta, neno kwa neno, bila haraka, na sikuongeza kitu wala kupunguza:

"Mabibi na mabwana, huyu ni mwanangu, na leo namwonea fahari kuliko siku zote."

Kompyuta ya mwanasheria ikanyamaza.

Vidole vya mwanangu vikalegea. Vilikuwa bado mkononi mwangu, lakini vimekufa ganzi. Nikaona anarudi nyuma kichwani mwake, anapita neno moja baada ya jingine, mwezi wa saba, kitandani, ubora, mzee wa jikoni, huruma, na kila alipofika alinikuta nimesimama pale na sinia, nasikia.

Mgeni aliniachia mkono kwa upole, kama mtu anayerudisha kikombe. Akaiweka sabuni yangu mbichi juu ya mkataba, upande wa alama juu. Kisha akamgeukia mwanangu, akamuuliza swali lile lile aliloniuliza mimi, kwa maneno yale yale.

Na safari hii hapakuwa na mkalimani.